Fungu la Kunguru

Mimi kunguru siwapendi. Naanza na hilo ili mtu asije akasema Celina kawa mtetezi wa ndege uzeeni. Ningekuwa na uwezo ningewatia wote kwenye gunia moja, nikalifunga kamba, na wala sitanii.

Nauza vyombo vya plastiki kwa jumla Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo: ndoo, mabeseni, majagi, vikombe vya shughuli. Kwetu Kibosho, lakini Dar nimekaa miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu. Presha iliponipanda daktari akaniambia, mama, tembea. Basi kila asubuhi kabla ya kufungua duka nafanya tizi Bustani ya Mikungu, ile bustani ndogo unayoikuta ukishavuka viwanja vya Mnazi Mmoja ukielekea Posta. Tuko kundi zima pale. Wengi ni wafanyabiashara wa Kariakoo, wachache watu wa maofisini. Tunazunguka, tunanyoosha viungo, tunasemana, halafu kila mtu anarudi kutafuta riziki yake.

Mkongwe wetu alikuwa Mzee Champaklal. Duka lake la viungo linatazamana na langu, na kazaliwa ghorofani hapo hapo juu ya duka, kwa hiyo habari za Kariakoo usimsimulie. Anatembea taratibu na raba zake nyeupe, mikono nyuma. Akimaliza mizunguko anaenda kwenye kibao cha saruji kilichobaki pale palipokuwa na chemchemi zamani, anatoa chapati za jana kwenye mfuko, anazikatakata, halafu anaita: "Kaa, kaa, kaa." Weee! Miti yote inashuka. Kunguru wanakuja kama watoto waliosikia kengele ya uji. Mmoja ana mguu mbovu, anachechemea, na huyo ndiye anayekula mkononi kwa mzee. Kampa na jina, Kiguru.

Mimi hapo huwa nageuza mgongo.

Elisaria, mwenyekiti wetu, muuza mabati na misumari, Mmachame mwenye sauti ya kipaza, hakosi neno. "Mzee wangu, kunguru hafugiki!"

"Sifugi, Mangi," mzee anamjibu. "Namkaribisha mgeni tu."

Sababu yangu nitaisema mara moja, sirudii. Nilikuwa na mdogo wangu, Ansbert, kitinda mimba wa mama yetu. Masika moja maji yalijaa Jangwani, barabara ikafungwa, yeye akasema atavuka hivyo hivyo, anamfuata mchumba wake Magomeni. Hakufika. Tulimtafuta mpaka maji yakaanza kupungua na watu wakaanza kuniambia, dada, kubali yaishe. Ndipo mtu mmoja akanyoosha kidole: tazameni kule kwenye matete, kunguru wamejaa. Nilifika wa kwanza. Sitasema nilichokiona. Nasema tu kwamba jeneza halikufunguliwa, na mama yangu hakumuaga mwanawe, kwa sababu ya wale ndege. Tangu siku ile Jangwani sijakanyaga. Nikienda Magomeni nazungukia mbali, foleni na iwe foleni.

Aliyenishika wakati ule ni Bhagwati, mke wa Champaklal. Hajui hata ishara ya msalaba, lakini alifunga duka akaja kukaa na mimi sakafuni, kwenye mkeka, mpaka matanga yakaisha. Wengine walikuja na maneno yao ya "Mungu kampenda zaidi". Yeye hakusema kitu. Alinikanda miguu tu, kimya, mpaka nikasinzia.

Kwa hiyo na yeye alipofariki, mwaka juzi, nililia kama nimefiwa na dada. Ilikuwa tarehe kumi na nane mwezi wa tisa. Mimi tarehe ya marehemu hainipotei. Kwetu ndivyo tulivyolelewa: ikifika, unasomesha misa, unapika, unaita watu wanakaa.

Sasa, mwaka huu mwezi wa nane, Nassibu, msimamizi wa bustani, akatutangazia kuwa bustani itatengenezwa upya. Wakubwa wake wanataka kusikia kwanza sisi tunaoitumia tunataka iweje: uzio au hapana, taa au hapana, viti vikae wapi. Na kunguru je? Wapo watu wa sumu, akasema, kazi ya siku moja.

Asubuhi ile ile Mzee Champaklal akanifuata nyuma, anahema.

"Dada Celina, nina ombi."

"Sema, mzee."

"Hilo la kunguru. Kwenye kikao watu watakutazama wewe. Kila mtu anajua kisa chako. Ukisema waachwe, nani atakupinga?"

Nikasimama. "Mzee, Ansbert unamjua. Alikuwa anakubebea magunia ya bizari. Leo unaniomba mimi niwatetee kunguru?"

"Siombi waachwe milele. Naomba wawepo siku ya Bhagwati."

Akanieleza. Kila mwaka wana kipindi chao cha kuwakumbuka waliotangulia. Siku ya marehemu wako ikifika, mnapika alichokipenda. Bhagwati alipenda dudhpak, mchele unaochemshwa kwenye maziwa na sukari mpaka unakuwa mzito, na puri za moto, vile vimkate vya kukaanga. Kabla mtu yeyote nyumbani hajaonja, linatolewa fungu la kunguru. Kunguru akila, marehemu amekula. Ndipo na nyinyi mnakula.

"Na asipokuja?"

"Hatuli." Akafuta jasho kwa leso. "Maana yake marehemu hakupokea. Ana njaa, au ana kinyongo na sisi. Mwaka jana tulikuwa Gujarat kwa kaka yake, tukamfanyia huko. Mwaka huu ni mara ya kwanza hapa kwake. Hapa ndipo alipozaliwa, dada. Hawa kunguru wa Mikungu ndio aliowalisha yeye mwenyewe, mimi nimerithi tu."

Nikapandisha sauti. "Hao hao walimla mdogo wangu, mzee! Walimla!" Watu wakageuka kutuangalia. Sikujali.

Yeye hakupandisha sauti. "Najua. Lakini kuna jambo huwa nalifikiria, na nikikosea unisamehe. Wasingekusanyika pale, ungempata? Maji yangempeleka baharini. Leo usingekuwa na kaburi la kupalilia Kibosho. Mimi naona walikuita."

Nilimwacha amesimama pale pale, wala sikumuaga. Nilikuwa na hasira ya kutafuna chuma. Walikuita! Lakini maneno yake yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki, na kila nilipojaribu kuyameza, yalichoma. Kwa sababu ni kweli. Mama yangu anaenda kwenye lile kaburi kila Jumapili baada ya misa, anang'oa majani, anazungumza na mwanawe. Wako akina mama wa mafuriko yale ambao hawana hata pa kuweka ua.

Kikao kikafanyika Jumamosi, pale pale bustanini, tumekaa kwenye kingo za saruji na jasho letu. Nikawasikiliza wenzangu, nikaona kila mtu anaomba kutokana na yaliyomkuta jana. Nice, dada wa ofisini Posta aliyejiunga juzijuzi, alitaka taa kila kona, maana aliwahi kuporwa simu gizani huko kwao Sinza. Kunguru hawakumsumbua hata kidogo. "Mimi nimewakuta," akasema. "Si ndiyo sauti ya Dar?" Mwalimu Scholastika, mstaafu, yeye aliijua bustani enzi za chiriku na njiwa, kabla kunguru hawajala mayai yao na kuwafukuza wote. Alitaka kunguru wasibaki hata mmoja. Aliongea kuhusu chiriku mpaka machozi yakamlenga. Elisaria naye, utotoni Machame, alikuwa akiachiwa vifaranga avilinde. Kunguru wakibeba, anachapwa yeye. "Mpaka leo makalio yanakumbuka," akasema, watu wakaangua kicheko. Wahenga walisema aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Pale wote tulikuwa tumetafunwa, ila kila mtu na nyoka wake.

Mzee Champaklal akasimama. Wiki ile alikuwa na kifua, sauti imekauka, lakini akasimama.

"Mnasema ni wakorofi. Kwangu si wakorofi. Nikiwaita asubuhi wanakuja pale kwenye kibao, wote, mpaka wa Kisutu. Nikiweka chakula wanakula bila wasiwasi. Hakuna mtu mwingine mjini hapa wanayemwamini hivyo." Alisema kwa fahari, kidevu juu. Nassibu alikuwa anamsikiliza kwa makini, anaitikia kwa kichwa. Mimi nikafikiri ni heshima.

Kikohozi kikambana. Nirali, mke wa mwanawe Bhargav, akamshika mkono akamrudisha nyumbani kikao hakijaisha.

Nikasimama mimi. Wote wakanigeukia. Walijua nitakachosema.

"Waueni," nikasema. Elisaria akapiga makofi. "Tulia kwanza, Mangi, sijamaliza! Waueni, lakini subirini. Mzee wetu ana siku ya marehemu mkewe, na siku hiyo kunguru wanahitajika, msiniulize kwa nini. Mama Bhagwati alifariki tarehe kumi na nane mwezi wa tisa, nilikuwepo. Siku yake ikipita, fanyeni mtakalo. Kabla ya hapo, atakayegusa hata unyoya tutajuana."

Wakacheka, wakakubali. Nassibu akasema sawa mama, baada ya tarehe kumi na nane. Nikakaa chini. Jamani, nilijiona mtu. Kwa mara ya kwanza tangu Ansbert nilikuwa nimewapa wale ndege kitu, na nilikuwa nimempa Bhagwati.

Jioni nikavuka barabara mpaka dukani kwa mzee. "Shikamoo mzee. Wamekubali. Watasubiri siku ya mama ipite."

Akaacha mizani. Akanishika mikono yote miwili, akaigusisha kwenye paji la uso wake, mbele ya wateja. "Mungu akuweke, dada." Kuhusu tarehe hakuuliza, na mimi sikuitaja. Kwa nini niitaje? Kwani siku za kufa mtu zipo ngapi?

Tarehe kumi na nane ikafika. Nilimsomesha misa Bhagwati, padre akakwama kwenye jina mpaka nikataka kumsaidia kutoka kwenye benchi. Kisha nikampelekea mzee kishada cha asumini. Nilimkuta anapima iliki kama siku zote, duka wazi, redio inaimba.

"Pole kwa siku ya leo, mzee."

Akanitazama kidogo. Akaipokea asumini, akainusa. "Asante, dada Celina. Umekumbuka."

Basi. Nikajisemea, wenzetu mambo yao huwa wanamaliza alfajiri. Ningeuliza! Neno moja tu, "Vipi, wamekula?", angenijibu, na yote haya yasingetokea. Lakini mimi Celina huwa siulizi ninachodhani nakijua. Marehemu mume wangu alikuwa ananisema kwa hilo mpaka anaingia kaburini.

Wiki iliyofuata nikaingia bustanini asubuhi, nikakanyaga kitu laini. Kunguru. Mbele yake mwingine. Chini ya kila mti wa mkungu wamelala, mabawa yamefunguka, midomo wazi. Wengine walikuwa bado wanajikokota, wanapinduka. Vijana wa sumu walikuwa wanapita na magunia wakiwaokota kwa kuwashika miguu.

Nitasema kweli. Nilifurahi. Nilikuwa nimeingoja siku ile miaka mingi, na nilipomwona wa kwanza nikasema, "Haya, na nyie leo." Halafu nikaangalia kibao.

Kilikuwa kimejaa vipande vya nyama. Nyama mbichi, damu inachuruzika kwenye saruji ya mzee asiyekula hata yai.

"Nassibu! Mbona hapo?"

"Mama, mzee si alisema mwenyewe?" Hakuwa na ubaya, masikini, alikuwa anashangaa ninachouliza. "Hawa ndege wana akili, ukiwawekea mahali wasipopajua hawagusi. Lakini hapo wamezoea. Jana huyu mwenzetu akawaita vile vile anavyoita mzee, kaa kaa, wakashuka wote."

Nyuma yangu nikasikia raba za mzee kwenye changarawe. Alikuwa na mfuko wake wa chapati. Akasimama. Aliinama akamwokota mmoja, akamgeuza miguu, akamlaza. Akamwokota mwingine, akamgeuza miguu.

"Kiguru simwoni," akasema. Kisha akanigeukia. "Dada, si ulisema watasubiri?"

"Wamesubiri, mzee! Tarehe kumi na nane si imeshapita? Si nilikuja mpaka dukani?"

Nikaona anavyoelewa, taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha duka kwa mbali.

"Sisi hatufuati tarehe," akasema. "Tunafuata mwezi wa mbinguni. Mwaka huu umechelewa. Siku ya Bhagwati ni Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii inayokuja."

Yesu na Maria! Nikawaka hasira, na sikujua niimwage wapi. Nilimkasirikia yeye kwa kutosema, nikamkasirikia Nassibu, nikaukasirikia na huo mwezi wa mbinguni unaotembea utakavyo. Mwisho wa yote nikabaki mimi. Mzee akaniwekea mkono begani, na afadhali angenizaba kofi.

Jumapili sikwenda misa. Nilikwenda bustanini. Nirali alikuwa amepiga magoti anakisugua kibao kwa sabuni na ndimu, kwa mara ya ngapi sijui, na doa bado linaonekana. Bhargav ameshika sahani ya shaba iliyofunikwa kitambaa cheupe. Mzee amevaa nguo nyeupe, hana raba, pekupeku. Hakuna aliyekuwa amekula tangu jana yake.

Wakaweka sahani. Dudhpak ilikuwa ya moto, harufu ya iliki ikanijia nikamkumbuka Bhagwati na mikono yake. Mzee akaita.

"Kaa, kaa, kaa."

Bustani ilikuwa kimya. Mwalimu Scholastika, aliyekuwa anazunguka, akasimama mbali, akaacha kutembea. Mzee akaita tena, na tena, mpaka kifua kikamkata.

"Yule!" Nirali akasema. "Baba, yule pale juu!"

Kweli, kwenye mkungu wa pembeni walikuwepo wachache. Na mmoja wao alikuwa amesimama na mguu mmoja, mwingine umekunjika. Kiguru. Uso wa mzee ukafunguka. Akachukua puri moja, akainyoosha kiganjani kama siku zote. "Njoo, mama. Njoo."

Kiguru akamtazama. Akatazama kibao. Akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kali, ya mkwaruzo, wakaondoka wote.

Tulingoja. Jua likapanda, dudhpak ikaanza kufanya utando. Bhargav akasema kwa upole, baba, wengine fungu hilo humpa ng'ombe. Mzee akamuuliza, ng'ombe wa Kariakoo yuko wapi? Kisha akasema polepole, si kwa mtu yeyote, "Amekasirika."

Hapo nikashindwa. Kwa sababu mimi nilijua walikokwenda. Kila mtu wa Kariakoo anajua kunguru wanakimbilia wapi, ila mimi ndiye niliyekuwa nimeapa kutopakanyaga.

"Bhargav, washa gari lako. Ingieni," nikasema. "Tunaenda Jangwani."

Mzee akanitazama. "Dada, si lazima wewe..."

"Nimesema ingieni."

Njia nzima nilishika rozari mfukoni na sikusali, niliibana tu. Tuliposhuka Nirali akanishika kiwiko. Bonde lilikuwa kavu, taka zimekwama kwenye matete pale maji yalipoziacha, harufu ile ile. Ile ile! Nilidhani miaka imeifuta. Na kunguru walikuwepo, wamejaa kwenye taka, kwenye nyaya, kwenye kingo za karavati. Wengi. Wengi wao hawajawahi kumwona Mzee Champaklal maishani mwao.

"Pale," nikasema, nikawaonyesha karavati lililovunjika. Sikuwaambia ni hatua chache tu kutoka mahali nilipomkuta Ansbert. Nadhani mzee alijua.

Akaweka sahani. Akaita kwa sauti iliyobaki.

Na wakaja. Wallahi, walikuja. Mmoja akaruka chini, wa pili, wa tatu, wanatembea upande upande kama kawaida yao, shingo mbele. Wa kwanza alifika karibu kiasi kwamba niliona dudhpak iking'aa kwenye jicho lake. Mimi, Celina, nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili, nasema moyoni, kula, kula mwanangu, kula.

Kisha nyuma yao akatua yule mwenye mguu mbovu.

Mzee akamwona. Akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Umekuja," akamwambia.

Kiguru akachechemea hatua mbili. Akaitazama sahani, akamtazama mzee usoni, akalia ile sauti ya mkwaruzo. Mara moja tu. Wale wa karibu wakarudi nyuma, na bonde zima likainuka, wote, weusi tii, wanazunguka juu ya kichwa cha mzee wanampigia kelele yeye. Hawakunipigia mimi niliyewatupia mawe miaka yote. Walimpigia yeye. Alisimama chini yao pekupeku, mikono wazi, anawaangalia.

Nikapasuka. Nilikimbia mpaka kwenye matete, napunga khanga, nalia kama mwendawazimu. "Rudini! Rudini nyie! Mdogo wangu mlimla hamkuogopa, leo mnaogopa wali wa maziwa? Rudini mle!" Nilipiga magoti kwenye taka zile. Niliwabembeleza. Niliwaita kaa, kaa, kaa mpaka sauti ikakauka, na wao wakapaa kuelekea upande wa bahari, wakawa vitone, wakaisha.

Mzee akaja akaniinua. Alikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani.

"Usiwalaumu, dada," akasema. "Hata mimi, kwa yaliyowapata, nisingekula."

Akarudi kwenye karavati, akaichukua sahani, akawatoa nzi kwa ncha ya kitambaa. Nirali akamsogelea, uso umemsawijika kwa njaa. "Baba, na chakula cha nyumbani nikifanyeje?"

"Kifunike," mzee akasema.

Tukapanda gari tukarudi Kariakoo, na siku ile nyumbani kwa Bhagwati hakuna aliyekula.